Fizi zinazotoa damu na moyo wako: Ukweli uko wapi?

Msomaji, huenda leo asubuhi ulipokuwa ukipiga mswaki uliona damu kidogo kwenye povu. Ulisukutua, ukatema, maji yakaichukua, nawe ukakimbilia matatu. Wengi wetu hufanya hivyo kila siku wala hatuoni ajabu. Lau damu hiyo ingekuwa inatoka kidoleni kila asubuhi kwa miaka mitatu, ungekuwa umemwona daktari kitambo. Lakini kwa kuwa yatoka mdomoni, na aghalabu haiumi, twaichukulia kuwa jambo la kawaida.

Siku hizi wamejitokeza watu wanaotaka kutuzindua kwa kututia hofu. Katika matangazo mengi utasikia kwamba mtu asiyetunza fizi atapatwa na mshtuko wa moyo, na kwamba atakayelipia kusafishwa meno ameukinga moyo wake. Hiyo ni nusu ya ukweli, na katika mambo ya tiba nusu ya ukweli yaweza kumgharimu mtu maisha yake. Tena kuna watu ambao kwao fizi na moyo ni jambo la kufa na kupona hasa, na hao matangazo hayawataji kabisa.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Kila siku meno hufunikwa na utando laini wa viini, ule tunaouita ukoga. Usipoondolewa kwa siku kadhaa huganda na kuwa mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauufanyi lolote. Viini vilivyomo huuchokoza ufizi. Ufizi nao huvimba, huwa mwekundu na kutoa damu ukiguswa. Hadi hapo mambo bado ni mepesi. Ukiondoa ukoga na kusafisha vizuri kila siku, ufizi hurudia hali yake baada ya majuma machache. Lakini kwa baadhi ya watu uvimbe huo huteremka chini, hufungua mifuko kati ya jino na ufizi, na mfupa unaolishika jino huanza kuliwa polepole. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Jino huanza kucheza, mdomo hunuka hata baada ya kupiga mswaki, na mwishowe jino hung'oka likiwa zima, bila hata tundu moja. Wengi hudhani huo ni uzee. Si uzee, ni maradhi.

Katika uchunguzi wa afya ya meno uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015, zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi walionekana kuwa na fizi zinazotoa damu. Ukiyasikia hayo na kuongeza maneno ya wale wa matangazo, utaamini kuwa taifa zima liko njiani kuanguka kwa ugonjwa wa moyo. Hapo ndipo inapofaa kukumbuka kazi iliyofanywa Machakos katika miaka ya themanini. Watafiti walikagua vinywa vya zaidi ya watu elfu moja wa mashambani, wenye umri wa miaka 15 hadi 65, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1988. Ukoga ulikuwa karibu kila kinywa, na damu vilevile. Lakini uharibifu mkubwa, ule wa mfupa kuliwa hadi jino kulegea, ulikuwa umewaangukia watu wachache, na hata kwa hao ulikuwa kwenye meno machache. Yaani karibu sote twatoka damu, lakini si sote tulio na ugonjwa mzito. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria mwaka wa 2022 kwamba watu wenye ugonjwa mzito wa fizi duniani ni kama bilioni moja, karibu mtu mzima mmoja katika kila watano. Basi swali la kujiuliza ni kama wewe umo katika kundi hilo, na jibu lake haliwezi kutolewa na tangazo. Hutolewa na mtu aliyekutazama mdomoni na kupima kina cha ile mifuko.

Sasa, fizi na moyo vinahusiana vipi? Ufizi mgonjwa, kwa upande wa ndani usiouona, ni kidonda. Wataalamu waliopima sehemu zote zilizochubuka katika kinywa cha mtu mwenye ugonjwa huu walikadiria kuwa jumla yake ni kama sentimita za mraba 8 hadi 20. Ungekuwa na kidonda kibichi cha ukubwa huo mguuni, usingevaa kiatu. Kila unapotafuna au kupiga mswaki, viini hupenya humo na kuingia kwenye damu. Mwili hupambana navyo, na ini humwaga ndani ya damu zile protini ambazo madaktari huzipima wakitaka kujua kama kuna uvimbe mahali fulani. Uvimbe usiokwisha, popote ulipo mwilini, hauitendei mema mishipa ya damu. Zaidi ya hayo, katika mwaka wa 2000 watafiti walieleza kuwa walikuta chembe za viini vya fizi ndani ya mafuta yaliyokuwa yameziba mishipa ya shingo.

Mjadala huu ulipamba moto mwaka wa 1989. Madaktari wa Finland wakiongozwa na Kimmo Mattila waliwalinganisha watu waliopatwa na mshtuko wa moyo na wengine ambao hawakupatwa, wakaona kuwa wale wa kwanza walikuwa na vinywa vibovu zaidi. Tangu hapo utafiti wa aina hiyo umefanywa katika nchi nyingi, na mara nyingi uhusiano umeonekana.

Lakini jogoo akiwika na jua likachomoza, hatusemi jogoo ndiye aliyelileta jua. Mvutaji sigara huharibu fizi zake na moyo wake pia. Mwenye kisukari hali kadhalika. Asiye na pesa ya daktari wa meno mara nyingi ndiye asiye na pesa ya kupimwa presha, wala ya kununua matunda. Chama cha moyo cha Marekani kilipoyapima maandishi yote hayo mwaka wa 2012 kilisema hivi: uhusiano upo, na hauondoki hata ukiiweka kando sigara na mengineyo, lakini hakuna ushahidi kuwa ugonjwa wa fizi ndio unaosababisha ugonjwa wa moyo, wala kuwa kuutibu kunazuia mshtuko wa moyo au kiharusi.

Je, kuna aliyejaribu kuutibu na kutazama? Naam. Jaribio linalotajwa sana lilifanyiwa London, na taarifa yake ikatoka mwaka wa 2007. Watu 120 wenye ugonjwa mzito wa fizi waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja likapewa matibabu makali ya fizi, la pili matibabu ya kawaida. Siku iliyofuata, mishipa ya damu ya wale waliotibiwa kwa nguvu ilikuwa ikifanya kazi vibaya zaidi, na uvimbe mwilini ulikuwa umepanda. Baada ya miezi sita mambo yakawa kinyume: mishipa yao ilikuwa ikitanuka vizuri kuliko ya wenzao. Hiyo ni dalili njema, wala siidharau. Hata hivyo mshipa unaotanuka vizuri ni jambo moja, na mtu aliyeepuka mshtuko wa moyo ni jambo jingine. Ili kuthibitisha hilo la pili yahitajika maelfu ya watu na miaka mingi, na isitoshe, ni vigumu kumnyima mgonjwa matibabu ya fizi muda wote huo ili tuone kama ataanguka. Jaribio kubwa la namna hiyo halijaleta jibu.

Nasisitiza hili kwa kuwa ulimwengu ulishawahi kuteleza hapa. Mwaka wa 1910 daktari Mwingereza, William Hunter, alitoa hotuba mjini Montreal akiulaumu uchafu wa mdomoni kwa maradhi chungu nzima ya mwili. Dhana hiyo ilienea kama moto wa nyika. Kwa zaidi ya miaka ishirini watu wa Uingereza na Marekani waling'olewa meno, mengine mazima kabisa, ili watibiwe viungo, tumbo, hata wazimu. Walibaki na magonjwa yao, na sasa bila meno ya kutafunia. Dhana yenyewe haikuwa upuuzi mtupu, maana viini vya mdomoni huingia kweli kwenye damu. Kosa lilikuwa kuuza tiba kabla ya kuijaribu.

Hasara ya kosa hilo kwetu ni nini leo? Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015, karibu robo ya Wakenya wazima walikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walisema hawajawahi kupimwa presha maishani. Mfikirie mtu wa makamo mwenye shilingi elfu chache mkononi na presha asiyoijua. Akienda kusafishwa meno kwa kuamini kwamba ameshaushughulikia moyo, atatoka na meno meupe na hatari ileile aliyoingia nayo. Dawa za presha zimejaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watu, na twajua zinapunguza kiharusi. Kuacha sigara vilevile. Kwa hivyo mimi husema wazi: kama pesa hazitoshi, presha ipimwe na itibiwe kwanza. Fizi zitibiwe kwa sababu ya fizi na meno, jambo ambalo kwa maoni yangu latosha kabisa kuwa sababu. Mtu hahitaji kutishwa na moyo ili athamini meno yake.

Kuna jambo moja ambalo faida yake ya ziada imethibitishwa vizuri, nalo ni kisukari. Sukari ikipanda, fizi huharibika haraka. Fizi zikiharibika, sukari huwa ngumu kushika. Majaribio mengi yameonyesha kuwa kutibu fizi za mgonjwa wa kisukari hushusha kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, si kwa wingi lakini kwa kiasi ambacho daktari hukifurahia. Nawe wajua kisukari kinavyoutesa moyo. Mwenye kisukari asiyechunguzwa fizi anakosa sehemu ya matibabu yake.

Sasa niwafikie wale niliosema hawatajwi. Hao ni watu wenye vali mbovu za moyo, vile vilango vinavyofunguka na kujifunga damu ikipita. Ulaya vali huharibika zaidi kwa uzee. Kwetu mara nyingi kisa huanza utotoni. Mtoto huumwa na koo, anapewa vidonge viwili vitatu vya kutuliza maumivu na mambo yanaisha. Majuma machache baadaye anashikwa na homa, viungo vinavimba, goti leo na kifundo kesho. Hiyo ni homa ya baridi yabisi, ambapo mwili, baada ya kupigana na viini vya koo, unaugeukia moyo wake wenyewe. Huenda ikapita bila mtu kuitambua, ikaacha kovu kwenye vali. Miaka kumi baadaye binti huyo, maana wasichana ndio huonekana zaidi na tatizo hili, anashika mimba na kuanza kukosa pumzi. Mwaka wa 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, kwa kuwa unaua vijana wa nchi maskini ilhali unaweza kuzuiwa kwa penisilini.

Katika moyo mzima, viini vinavyotoka kwenye fizi na kuingia kwenye damu hufagiliwa na mwili kwa muda mfupi. Penye vali yenye kovu, au vali ya bandia, vinapata pa kujishika. Hujenga hapo, huzaana, huitafuna vali na kurusha mabonge ambayo yanaweza kufika ubongoni. Ugonjwa huu hutibiwa kwa sindano za mishipani kwa majuma mengi, wakati mwingine na upasuaji, na hata hospitali nzuri hupoteza wagonjwa. Hapa hatuzungumzii uhusiano wa jogoo na jua. Viini vya mdomoni hupatikana kwenye vali zenyewe.

Dalili yake kubwa ni homa isiyokwisha, jasho la usiku, uchovu na kukonda. Nawe wajua yanayotokea kwetu mtu akiwa na homa isiyokwisha. Anatibiwa malaria. Haiponi, anatibiwa taifodi. Haiponi, anabadilishiwa dawa. Kila kozi ya dawa ya kuua viini huvipunguza kidogo bila kuvimaliza, na siku damu itakapopelekwa maabara kuoteshwa, huenda kisionekane kitu. Kama umewahi kuambiwa moyo wako "unapiga kelele" au una tundu, na ukapata homa ya siku nyingi, mwambie daktari habari ya moyo wako kabla hujameza chochote. Mwambie pia kama uling'oa jino karibuni au kama fizi zinatoka usaha. Huenda asikuulize.

Kadhalika mwambie daktari wa meno. Wapo wagonjwa wanaostahili kupewa dawa ya kuua viini saa moja hivi kabla ya kung'olewa jino: wenye vali za bandia, waliowahi kupata uambukizo huo wa moyo, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo. Kuhusu walioharibiwa vali na baridi yabisi, miongozo ya nchi mbalimbali haisemi jambo moja. Mwongozo wa Marekani wa 2007 uliwaacha nje, nchi nyingine huwaingiza. Basi uamuzi ni wa daktari anayekutibu moyo, wala si wa mwenye duka la dawa.

Sababu ya Wamarekani kupunguza dawa hizo mwaka huo yafaa kujulikana na kila mtu. Waligundua kwamba mtu mwenye fizi mbovu huingiza viini kwenye damu kwa kutafuna na kupiga mswaki kila siku, na kwa mwaka mzima jumla yake ni kubwa mno kuliko ile ya siku moja ya kung'oa jino. Kwa hivyo kinga yake kubwa ni fizi zenye afya mwaka mzima. Ndiyo maana pia mgonjwa anayengoja kupasuliwa vali hutakiwa kutibiwa meno kwanza, na asiyefanya hivyo huweza kuahirishiwa upasuaji.

Lipo pia jambo lisilosemwa kwa wenye presha. Dawa mbili zinazotumiwa sana, nifedipine na amlodipine, kwa baadhi ya watu huzifanya fizi kukua na kuvimba hadi kuanza kuyafunika meno. Mtu huona aibu kucheka, hudhani amerogwa au ana saratani. Ukiona hivyo usiache dawa ukaenda zako. Rudi kwa daktari, dawa nyingine zipo, na kusafishwa vizuri hupunguza tatizo. Vilevile anayemeza aspirin au warfarin kwa ajili ya moyo asiziache kivyake kwa kuogopa damu siku ya kung'oa jino. Damu ya jino huzuilika. Donge la damu lililofika kwenye ubongo ni habari nyingine.

Juu ya utunzaji wenyewe sina mengi. Mara mbili kwa siku, na jioni ndiyo muhimu zaidi. Pitisha mswaki pale jino linapokutana na ufizi, si kwenye uso wa jino tu, na ukiona damu usiache kwa hofu, maana sehemu hiyo ndiyo inayotaka kusafishwa zaidi. Katikati ya meno tumia uzi. Mswaki wa mti, ule unaotumiwa sana na wenzetu wa Pwani, unafaa ukitumiwa vizuri na kufikishwa upande wa ndani wa meno. Mtafunaji miraa aangalie upande anaoweka taksini, kwani hapo ufizi huweza kukwajuka na kuacha shina la jino wazi, tena ile soda ya kuteremshia haisaidii. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu haung'olewi nyumbani kwa magadi wala ndimu. Na epuka wale waganga wa meno wasio na leseni, wenye koleo moja la kila mdomo.

Lililobaki ni la wakuu wa afya katika kaunti zetu. Mashine ya kupimia presha ni rahisi kuliko kiti cha daktari wa meno mara nyingi mno, lakini ni vyumba vingapi vya meno ulivyoingia ukapimwa presha? Mtu mzima anayefuata maumivu ya jino huenda ndiyo mara yake ya pekee kumwona mhudumu wa afya mwaka huo. Apimwe akiwa hapo kitini. Na katika kliniki za presha, kisukari na moyo, mhudumu aulize: fizi zinatoa damu, kuna jino linalocheza, lini mara ya mwisho ulikaguliwa? Jibu likiwa baya, mgonjwa apelekwe mlango wa pili kwa afisa wa afya ya meno, ambaye mara nyingi yuko katika hospitali hiyohiyo. Kwa watoto wanaokuja kudungwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa ajili ya vali zao, maswali hayo yaandikwe kwenye kadi ileile ya sindano.